Etiketi Haitupwi

Kuna watu wanaokanyaga kitu miaka yote, halafu asubuhi moja wanakiandikia makala na kujiita wavumbuzi. Mama Adélaïde Cibalonza anamjua mmoja wao vizuri sana, maana alikuwa mkubwa wake wa kazi.

Kitu chenyewe ni mmea mdogo wa kijani, hauna ua wala mbegu, unatandika magome na mawe ya msituni kama blanketi. Vitabu vya shule vinauita kuvumwani. Sisi Bukavu neno hilo tunawaachia wenye vitabu. Tunasema mousse, basi. Majilio yakifika parokia nzima inaikumbuka, kwa sababu pango la Noeli bila mousse ni mbao na misumari tu, na Mtoto Yesu atalazwa wapi? Noeli ikipita, hakuna anayeiuliza tena.

Adélaïde alizaliwa katika nyumba ya watu walioiuliza. Mama yake, Marcelline, ndiye aliyepamba pango la parokia yao huko Kadutu, na kila mwisho wa Novemba alikwenda na binti yake hadi Nyantende, kwenye kibonde chenye kijito na mawe, ambako kipande cha pori kimebaki kwa sababu hakuna jembe linaloweza kuingia.

"Kata ya ku mawe," Marcelline alikuwa akimwambia. "Ile ya ku miti inadanganyaka batu. Leo iko kijani, ku Epifania inakuwa sawa majani ya chai."

Ukiziweka kiganjani huwezi kuzitofautisha. Urefu ule ule, rangi ile ile, namna ile ile ya kulala upande mmoja. Lakini ya mawe ilikaa kijani hadi Kandelaria, mwezi wa pili, pango linapobomolewa. Kila mama wa parokia alilijua hilo kama anavyojua unga wake. Hawakudhani ni elimu, na hakuna mwenye elimu aliyekuja kuwauliza.

Adélaïde alipomaliza shule alipata kazi kwenye herbier ya chuo kimoja cha mjini. Herbier ni nyumba ya mimea mikavu: makabati hadi darini, na ndani yake matawi na majani yaliyobandikwa kwenye karatasi, kila moja na etiketi inayosema ni mmea gani, ulichumwa wapi, siku gani, na nani. Huko alimkuta Papa Venant, mzee mwembamba ambaye mikono yake ilinuka nondo na dawa ya nondo. Huyo ndiye aliyemfundisha kila kitu.

Mousse haibandikwi, inafungwa. Unakunja karatasi mara nne inakuwa bahasha. Karatasi ya kwanza kabisa, ile uliyofungia kule kule porini, inabaki ndani siku zote, na juu yake unavika bahasha safi ya kabati. Na unaandika mara mbili: kwa wino kwenye etiketi ya nje, na kwa kalamu ya risasi ndani ya ile karatasi ya porini, kwa sababu mousse inafungwa ikiwa mbichi, na maji yanafuta wino lakini hayafuti risasi. Adélaïde alitumia karatasi za misa za Dominika iliyopita. Ni laini, zinanyonya unyevu, na ukingoni zina nafasi ya kuandika kando ya nyimbo.

Kanuni nyingine Papa Venant aliisema kama amri ya Mungu. "Etiketi haitupwake, mwanangu. Ata ya uongo. Mutu akikosea, unaandika ingine, unaweka juu. Ile ya zamani inabaki chini yake. Batu ba kesho bajue nani alisema nini."

Alimfundisha pia hadubini. Tone la maji, na mousse iliyokauka tangu enzi za Wabelgiji inafungua majani yake mbele ya macho yako kana kwamba ilikuwa imesinzia. Juu ya kikonyo chake kuna kikopo kidogo chenye kifuniko, na ukikitoa kifuniko unaona meno yamezunguka mdomo. Wenye kuzipanga mousse hutazama sana meno hayo, safu ya nje na safu ya ndani. Basi, Adélaïde, kwa haraka aliyokuwa nayo, siku ya kwanza aliyoruhusiwa kukaa peke yake akaweka chini ya kioo mousse mbili za mama yake.

Meno ya nje yalikuwa kumi na sita kwa zote mbili. Meno ya ndani, hapo ndipo penyewe. Ya miti ilikuwa na vijinywele vyembamba katikati ya meno. Ya mawe haikuwa na hata kimoja.

Alikwenda kwenye droo. Bahasha zaidi ya mia moja, za mapadri wa zamani, za Wazungu, za wanafunzi, zote zimewekwa chini ya jina moja la Kilatini, jina la mousse ya kawaida ya msituni, ile inayookotwa kila mahali na kuandikwa bila kutazamwa. Ya mawe na ya miti, zimelazwa pamoja kama watoto wa kambo katika kitanda kimoja.

"Papa Venant, huku kuko mousse bili, haiko moja," alisema.

Mzee alitazama, akatazama tena, akavua miwani. "Andika," alimwambia. "Okota mingi, andika yote. Siku moja atakuya mwenye kuelewa."

Aliokota miaka kumi na moja. Bahasha arobaini na moja kutoka Nyantende, kila moja na nambari, tarehe, jiwe au gome, na mstari mmoja, ulioongezwa pango likishabomolewa, ambao hakuna mtaalamu duniani aliyewahi kuuandika: imekaa kijani pangoni hadi lini. Papa Venant alizeeka, akastaafu, akafa. Mwenye kuelewa hakuja. Alikuja Profesa Nathanaël.

Sitamsingizia mtu. Profesa alikuwa msomi kweli, lakini msomi wa miti mikubwa, ile ya mbao. Mousse kwake ilikuwa uchafu unaoganda kwenye miti. Adélaïde alipompelekea lile sanduku la bahasha arobaini na moja na kumweleza habari ya meno, alicheka hadi akakohoa.

"Maman Adélaïde, soyons sérieux, tuache mchezo. Hiyo iko mousse ya crèche, ya pango la Noeli!"

Hata hivyo alisema, acha hapa, nitaangalia. Akaangalia, tena sana kuliko alivyosema. Mwaka na nusu sanduku lilikaa ofisini kwake. Siku moja likarudi, si sanduku tena, ni mfuko wa mchele, na ndani yake bahasha arobaini zilizovuliwa magamba yao ya nje, zimebaki karatasi za misa tu. Etiketi zote za wino hazikuwepo.

"Etiketi ziko wapi, Profesa?"

"Zilikuwa na vumbi. Nilitupa."

Alitupa! Nawauliza ninyi mnaosoma: mtu akikuletea watoto arobaini amewanyang'anya majina, utamwambia aksanti? Adélaïde aliubeba mfuko hadi makabatini, akaumwaga. Sampuli bila etiketi ni chakula cha mbuzi. Na alipohesabu aliona pungufu: arobaini, si arobaini na moja. Nambari kumi na saba, ile nzuri kuliko zote, yenye vikopo vingi vilivyokomaa, haikuwemo.

Ilikuja wiki iliyofuata, ikiwa imevalishwa bahasha yenye mstari mwekundu. Mstari mwekundu unamaanisha sampuli-mama: sampuli moja tu, ambayo jina jipya la mmea limefungwa kwake milele, na yeyote duniani akibisha lazima arudi kwenye hiyo. Profesa alikuwa ametangaza aina mpya katika jarida la nje. Etiketi mpya, imepigwa kwa mashine, ilisema mkusanyaji ni yeye Profesa Nathanaël, na mahali ni kijiji cha Miti, msituni, kwenye gome la mti. Na jina lenyewe la Kilatini aliloipa lilikuwa na maana hiyo: mousse ya Miti.

Miti! Kaskazini huko, njia ya Kavumu, na Nyantende iko upande mwingine kabisa wa mji. Kwenye gome, wakati maisha yake yote ni jiwe! Adélaïde alifungua bahasha kama kazi yake inavyomtaka, na ndani akakuta karatasi ya misa, Dominika ya kwanza ya Majilio, mousse imeishikilia kwa vijinyuzi vyake. Ndiyo maana Profesa hakuitoa. Angeitoa angevunja sampuli. Na ukingoni, kando ya wimbo wa mwanzo, maandishi madogo ya kalamu ya risasi yalikuwa pale pale. Huyo bwana hakuwahi kuyasoma. Nani husoma karatasi ya misa ya miaka iliyopita?

Akaifunga, akaenda ofisini kwa Profesa, hasira imemjaa. Lakini alizungumza kwa adabu.

"Profesa, hii ndjo yangu. Nambari kumi na saba. Haikutoka Miti."

Hakuinua hata kichwa. "Maman, sikia. Ruhusa yangu ya utafiti iko ya Miti. Lazima kitu kitoke Miti. Na weye uko préparatrice: kazi yako ni kukunja makaratasi. Nimekuweka ku remerciements, angalia."

Alitazama. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa: tunawashukuru pia wafanyakazi wa herbier. Hata jina hakuna. Mfagizi alishukuriwa humo, na mlinzi, na mbwa wa mlinzi kama alikuwepo.

"Na juu ya nini uliandika gome? Nilikuambia jiwe."

"Ah, maman! Mousse inaota ku miti, kila mutu anajua."

Alirudi makabatini. Angefanya nini? Angepiga kelele, angefukuzwa, na kesho yake ule mfuko wa mchele ungetiwa moto nyuma ya jengo. Alilia kidogo, sio kwa huzuni, kwa hasira, ile inayochoma macho. Halafu akaanza kukunja bahasha mpya arobaini. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mshindo ulikuja na Madame Charlène. Huyu alikuwa mtaalamu wa mousse kutoka Kisangani, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, aliyesoma makala ya Profesa na kutaka kuiona aina mpya ikiwa hai. Profesa alikodi gari, wakaenda Miti. Adélaïde alikwenda nao kubeba magazeti ya kukaushia.

Siku mbili! Siku mbili walizunguka miti ya Miti, mvua inawanyeshea, Profesa na viatu vyake vya ofisi akinyoosha kidole: "Ilikuwa hapa... hapana, pale, nyuma ya ule mti... labda walikata." Madame Charlène alikwangua, akatazama kwa kioo chake cha mkononi, akakuta vijinywele. Akakwangua tena, vijinywele. Mousse ya kawaida, kila gome. Adélaïde alisimama na magazeti yake kichwani akiumauma mdomo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hizo mbili aliiona ndefu.

Asubuhi ya tatu walirudi kwenye herbier. Madame Charlène aliketi mbele ya hadubini, akasema wazi, bila ubaya.

"Profesa, nitasema kweli. Fasi uliandika, kule Miti, mousse haiko. Sampuli iko moja tu. Moja inaweza kuwa ya kawaida iliyopoteza vijinywele kwa kukauka. Nikiikuta hivyo, nitaandika kwamba aina hii haipo, jina lirudi ndani ya ile ya kawaida."

Neno hilo lilimchoma Profesa. Lakini mwenye kuumia zaidi alikuwa amesimama kando ya kabati. Mousse ya mama yake, iliyotunzwa na mamans wa parokia vizazi viwili, miaka kumi na moja ya meno na tarehe, irudishwe kwenye kile kitanda cha watoto wa kambo, na sababu yake ni viatu vya ofisi?

"Nipe sampuli-mama," alisema Madame.

Adélaïde aliileta. Profesa aliichukua mikononi mwake, akafungua bahasha ya mstari mwekundu, na alipoona karatasi ya misa imejikunja ndani, aliona haya.

"Pole, Madame, hii ni takataka tu ya kanisa. Maman, toa hiyo, tupa."

"Tupa?" Madame Charlène aligeuka kwenye kiti. "Karatasi ya ndani? Ya porini? Nani anatupaka karatasi ya ndani?"

Hapo Adélaïde alipasuka.

"Yeye anatupaka!" alisema, na sauti yake ilifika kwenye korido. "Alitupa etiketi zangu arobaini na moja. Alisema ziko na vumbi! Soma, Madame. Usimuangalie yeye, soma hiyo karatasi. Ukingoni, kando ya wimbo."

"Maman Adélaïde!" Profesa alisimama. "Unasahau fasi yako!"

"Fasi yangu nimeiandika, Profesa. Ni ya kwako ndjo tumetafuta siku mbili na hatukuiona!"

Madame Charlène alikuwa ameshainamisha taa. Akasoma kwa sauti, polepole, maana risasi ilikuwa imefifia: "A. Cibalonza, kumi na saba. Nyantende, kibonde, ku jiwe karibu ya maji. Meno ya ndani bila vijinywele. Imebaki kijani mu crèche mpaka Kandelaria."

Adélaïde alitoka, akarudi na mfuko wa mchele, akaumwaga mezani. Bahasha arobaini, kila moja na karatasi yake ya misa, Majilio baada ya Majilio. Madame alifungua ya kwanza, akatia tone la maji, akatazama. Akafungua ya pili. Alipofika ya tisa alikuwa ametabasamu, na alipofika ya kumi na nne aliacha hadubini akamgeukia Adélaïde.

"Ziko bili," alisema. "Za jiwe hazina hata kijinywele. Aina hii ipo. Maman, miaka hii yote ulikuwa unazitofautisha na nini?"

"Na Kandelaria," Adélaïde alijibu. "Mama yangu alinifundisha."

Madame Charlène alianza kukusanya vitu vyake. Alitaka kwenda Nyantende saa ile ile, na Profesa naye, amejaa jasho, akasema gari liko tayari, twende wote, maman atatuonyesha njia.

"Sitaonyesha," Adélaïde alisema. Akavuta kiti, akaketi. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuketi mbele ya Profesa. "Kwanza aandike."

"Aandike nini?"

"Etiketi. Na mukono wake, na wino. Nani aliokota, fasi gani, ku nini."

Profesa alimtazama Madame kama mtu anayeomba msaada. Madame alikuwa akitafuta kitu ndani ya mfuko wake, na hakukipata hadi Profesa alipoketi na kuchukua kalamu. Aliandika. Mkusanyaji: Adélaïde Cibalonza, nambari 17. Mahali: Nyantende. Kwenye jiwe. Adélaïde alisoma kila herufi, akamrudishia aongeze tarehe.

"Na jina?" aliuliza. "Hii mousse haijawahi kukanyaga Miti. Juu ya nini iitwe ya Miti?"

Madame Charlène alitikisa kichwa. "Jina likishatangazwa halibadilishwi, maman, hata kama linadanganya. Ndiyo sheria ya majina. Litabaki hivyo."

Mnasikia? Litabaki! Mousse ya Nyantende itaitwa ya Miti hadi mwisho wa dunia, kwa sababu bwana mmoja alikuwa na ruhusa ya kwenda Miti. Adélaïde aliimeza hiyo nayo, na kusema kweli mimi bado haijanishuka.

Profesa ndipo alipoona mlango. Aliishika ile etiketi yake ya zamani, ya mashine, iliyoandikwa jina lake na Miti na gome, akaikunja kati ya vidole viwili. Alizungumza kwa sauti ya chini, karibu ya upole.

"Maman yangu, basi hii tunaitoa, sivyo? Sasa iko ya kweli. Hakuna haja watu waione."

Adélaïde alinyoosha mkono, na akaendelea kuunyoosha hadi Profesa alipompa. Akaikunjua, akailainisha mezani kwa kucha ya kidole gumba, kama Papa Venant alivyokuwa akifanya.

"Etiketi haitupwi, Profesa," alisema. "Ata ya uongo. Batu ba kesho bajue nani alisema nini."

Akaiweka chini ya ile mpya, maandishi yakitazama juu, jina la Profesa likisomeka lote, akafunga bahasha yenye mstari mwekundu na kuirudisha kabatini.